Mtoto Aliyeshiba Kila Jumapili

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kwanza, siku ya umuganda, nilimpoteza mdogo wangu. Asubuhi ile watu wa mtaa walikuwa nje na majembe na mifagio, wanasafisha mitaro kama kila mwisho wa mwezi, magari hayatembei. Mimi nilisimama mlangoni na simu mkononi nikijaribu kuelewa nilichoambiwa. Alikuwa ameugua siku chache tu. Mpaka leo sijui vizuri aliugua nini. Nilielezwa, nikaitikia kwa kichwa, maneno yakapita. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri, kama ilivyo kwetu Waislamu.

Aliacha watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Baba yao alikuwa ametangulia. Yeye alikuwa Mkristo, alilelewa Uganda, na ndugu yake aliyebaki karibu ni dada mmoja anayekaa Kibagabaga. Watoto wanamwita Shangazi. Mimi ni dada wa mama yao, mkubwa wake, kwa hiyo wananiita Mama mkubwa. Nakaa Gikondo, hapa Kigali, nyuma ya magereji, chumba na sebule, na kazi yangu ni kushona. Shule niliiacha darasa la sita. Sikujaliwa kuzaa. Nasema haya mapema ili anayesoma ajue kwamba mambo ya watoto sikuyajua, na mambo ya vyakula vya nchi za nje sikuyajua kabisa.

Siku tatu za msiba zilipokwisha, majirani wakachukua masufuria yao waliyotuletea chakula, dua ikasomwa, kila mtu akaniambia Mungu akupe subira, wakaondoka. Watoto nikaondoka nao mimi. Hakuna aliyeniambia niwachukue na hakuna aliyenikataza. Tulifunga godoro lao juu ya gari, tukashuka Gikondo.

Katika mizigo yao kulikuwa na kitambaa cha plastiki cha mezani, kilichochorwa ramani ya dunia. Jumapili ya kwanza mvulana alikitandika juu ya meza yangu ya kukatia nguo, bila kuniuliza, akasukuma mkasi wangu pembeni.

"Mama mkubwa, leo zamu ya nani?"

"Zamu ya nini?"

"Ya kidole!"

Sikuelewa. Dada yake ndiye aliyenieleza, taratibu, kwa sauti ya chini, kama anamweleza mgeni. Mama yao alikuwa anafanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala kule Masoro, na huko alikutana na watu wa nchi nyingi. Alikuwa anawauliza wanakula nini kwao. Kisha kila Jumapili mtoto mmoja anafumba macho, anazungusha kidole hewani, anakiweka juu ya kitambaa. Kidole kikianguka nchi fulani, siku hiyo wanapika chakula cha nchi hiyo. Kikianguka baharini, wanapika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Na kikianguka Rwanda?"

"Hakiwezi," alisema mvulana. "Rwanda ni ndogo, kidole kinakuwa kimekaa na Kongo."

Nilishtuka kidogo. Mdogo wangu hakuwahi kuniambia habari za kidole. Tulikuwa tunaongea kila siku kwa simu, nikimuuliza mmekula nini, ananijibu, "Tumekula, dada." Nilidhani ni maharage.

Nikajiambia basi, kama mama yao alipika dunia nzima, nami nitapika. Sikujua nilikuwa naingia wapi.

Kidole cha kwanza kilianguka India. Nilifurahi, nikasema India ni rahisi, huko wanakula nini? Chapati, alisema msichana. Sambusa. Nikacheka. Nikawaambia hivyo si vya India, ni vya kwetu, bibi yangu alikuwa anavipika hapa hapa Kigali kabla mimi sijazaliwa, babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani na mkewe akapika chapati mpaka akafa.

"Mama alisema vilitoka India," alisema msichana.

"Haya. Na pilau?"

"Uajemi, Mama alisema. Uajemi na India."

"Kwetu ni kipi, sasa?"

"Maharage!" alipiga kelele mvulana.

Dada yake akatikisa kichwa. "Maharage yalitoka Meksiko. Na mahindi. Viazi vilitoka huku." Akaweka kidole kwenye ubavu wa nchi moja ndefu.

Nilikaa kwenye kiti. Nilimuuliza kwa kweli, sikuwa natania: "Kabla ya hapo sisi tulikuwa tunakula nini?" Akafikiri, akasema labda mtama. Mvulana akasema, "Ng'ombe walikula majani, sisi tukanywa maziwa, basi."

Nilipika chapati. Msichana alikanda unga vizuri kuliko mimi. Anajua kukunja ile duara, anajua kuipaka mafuta katikati. Alisukuma zote, mimi nikachoma. Tulipokaa kula, nilimwekea mbili kwenye sahani. Akasema, "Nimeshiba, Mama mkubwa, asante sana."

"Umeshiba nini? Hujala kitu."

"Nimeshiba."

Nilimbembeleza. Akakata kipande kidogo, akakitafuna, akasema ni kitamu sana, Mungu akubariki. Akaacha. Nikadhani ni uchovu.

Kesho yake nilipika wali. Nimeshiba, asante. Keshokutwa isombe ya majani ya muhogo, na ugali. Nikimbembeleza anaonja vijiko viwili, anasifu, anashukuru, anafuta mdomo. Nikimpa maziwa anakunywa yote, kikombe anakipokea kwa mikono miwili. Maziwa kwa mila ya hapa hayakataliwi, hata mimi najua hilo. Kwa hiyo nikawa nampa maziwa asubuhi na jioni. Lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kukua kwa maziwa tu, si ndama.

Nilikwenda shuleni kwao kumuuliza mwalimu. Mwalimu alishangaa. Alisema mchana mtoto anakula wali na maharage ya shule, anamaliza, siku nyingine anaomba kuongezewa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima nikijiuliza. Kama ni huzuni, mbona huzuni inakaa kwangu tu na shuleni haiendi? Kama ni ugonjwa, ugonjwa gani unaojua saa? Nikabakiwa na jibu moja: chakula changu ni kibaya. Na jibu lingine nyuma ya hilo, ambalo sikulisema hata peke yangu: kwamba hanitaki.

Nilijaribu kila kitu. Niliacha kazi za watu kwenye mashine nikakaa na simu kutazama watu wakipika. Niliona mwanamke akipika mkate wa Italia wenye nyanya na jibini juu, anaongea haraka lugha nisiyoijua, ana jiko lenye mlango na taa ndani. Mimi nina mbabura, jiko dogo la mkaa. Nilimuuliza msichana mama yake alifanyaje. Akanionyesha: chapati nene ndani ya sufuria, nyanya na kitunguu juu, yai, halafu mfuniko, halafu makaa juu ya mfuniko. Nikafanya. Mfuniko ukateleza, majivu yakaingia Italia. Mvulana alikula na majivu yake akasema hata ya Mama yalikuwa hivyo. Dada yake akasema hayakuwa hivyo. Wakabishana mpaka nikawanyamazisha.

"Nimeshiba, Mama mkubwa. Asante kwa kazi."

Asante kwa kazi! Nani anamfundisha mtoto kusema hivyo ndani ya nyumba? Nilimwona hodari na mwenye adabu. Asubuhi akiamka anakunja blanketi lake, analiweka juu ya begi lake karibu na mlango. Haingii chumbani kwangu bila kubisha. Akitaka maji anaomba. Majirani walinisifu: mtoto umepata, hana makelele. Nami niliitikia ndiyo, kweli, huku moyoni kuna kitu hakikai sawa, sijui ni nini.

Shangazi alipiga simu kutoka Kibagabaga. Alipiga kila wiki, na kila wiki aliuliza swali moja kwa namna tofauti.

"Wifi, watoto hawakuchoshi?"

"Hawanichoshi, wifi."

"Na mkubwa, anakula?"

Sikuweza kumdanganya. Nilisema hapana, hali. Akasema, "Nilete gari Jumamosi, waje kwangu siku mbili. Kuna jiko la umeme, kuna bustani. Tuone."

Nilisema sawa. Wao ndio wenye watoto, ukifuata mila ya hapa. Mtoto ni wa upande wa baba. Tangu siku ya kwanza nilijua siku moja gari litakuja na nitafunga godoro tena. Sikutaka kulizungumza nisije nikaiharakisha siku yenyewe.

Walikwenda. Nyumba ilikuwa kimya, nikashona mpaka mgongo ukauma. Jumapili jioni Shangazi aliwarudisha mwenyewe. Aliingia na mkoba wake, akakaa, akasubiri watoto watoke nje, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Wifi, kwangu pia hakula."

"Kweli?"

"Nilimpikia kuku kwa njugu kama tulivyokuwa tunakula Uganda, baba yake alikipenda sana chakula hicho. Akaonja. Akasema, Shangazi, Mungu akubariki, nimeshiba. Nikafikiri anataka chakula chako."

"Na mimi nilifikiri anataka chakula chako."

Tulitazamana. Ni mwanamke mwenye kazi ya ofisini, amesoma, anavaa viatu vizuri, na alikuwa hajui kama mimi nisivyojua. Alisema labda apelekwe hospitali. Alisema muhula ukiisha labda ahamie kwake kabisa, abadilishe mazingira. Nilisema labda. Alipoondoka nilibaki na hilo neno, "kabisa".

Jumapili iliyofuata kidole kilianguka Japani. Mvulana ndiye aliyekiweka, na nilimwona akifumbua jicho moja. Japani ya mama yao ilikuwa wali ulioshindiliwa, umefungwa ndani ya jani la kabichi, katikati sambaza wa kukaanga. Sijui kama Wajapani wenyewe wangeitambua. Msichana alikunja majani yale kama anakunja mashati, pembe kwa pembe. Kwa dakika kadhaa alisahau kuwa mpole. Alimgombeza mdogo wake kwa kumwaga wali, akamwambia una mikono kama miguu, na mdogo akamjibu na wewe una kichwa kama kabichi hii. Walicheka wote wawili. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje.

Nilitoka kuchukua mkaa nyuma ya nyumba. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia.

"Kama huli, nipe zako," alisema mvulana.

"Utapasuka wewe. Huna adabu."

"Nina njaa."

"Hata mimi nina njaa. Lakini kwa watu hatuli. Mama alisema nini?"

"Mama alisema mimi mdogo nasamehewa."

"Mpaka uanze darasa la kwanza. Halafu utaona."

Nilisimama na mkaa kwenye beseni. Maneno yale nayajua. Kila mtoto aliyelelewa vizuri hapa ameambiwa: ukienda kwa watu, wakikukaribisha chakula, sema umeshiba. Wakikubembeleza, onja kidogo, shukuru. Mtoto anayekula kwa watu anaaibisha kwao, wataonekana hawapiki. Mimi mwenyewe niliambiwa, na mdogo wangu tuliambiwa pamoja, na mama yule yule. Nilielewa kila neno na bado sikuelewa. Kwa watu ni wapi? Mimi ndiye watu?

Niliingia, nikaweka beseni chini. Sikujua kuuliza kwa upole, nikauliza tu.

"Mwanangu, hapa ni kwa watu?"

Akainamisha kichwa. Mdogo wake akaacha kutafuna.

"Nani alikwambia hapa ni kwa watu?"

"Hakuna aliyesema."

"Sasa?"

"Hakuna aliyesema," akarudia. Nilidhani ananikwepa. Kisha akasema, "Kwa Baba, walisema."

Ilinichukua muda. Alinieleza vipande vipande, akivuta uzi wa kitambaa cha jikoni. Baba yao alipokufa, kwa kuwa ni Wakristo, walikaa kiriyo, yaani matanga, wiki nzima, na siku ya mwisho wakakusanyika kuondoa kiriyo. Soda zikagawanywa. Babu yao mzaa baba, ambaye sasa naye hayupo, akasimama mbele ya watu wote, akataja alichoacha marehemu, akasema watoto watakaa na mama yao, Masoro, na anayetaka kuwaona aende huko. Watu wakapiga makofi. Msichana alikuwa na miaka saba, aliyakumbuka maneno yote.

Kwa mama yake alisubiri. Sisi tulisoma dua, tukala, tukaondoka. Alisubiri arobaini, nayo ikapita, tukasoma tena, tukaondoka tena. Hakuna aliyesimama. Kwa hiyo hakujua anakaa wapi. Alijua tu kwamba analala kwa Mama mkubwa, na siku mbili alilala kwa Shangazi, na kote huko ni kwa watu.

"Nilidhani mnangoja kuamua," alisema.

Ningeweza kumwambia pale pale, hapa ni kwenu, kula. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini haikuwa kweli bado. Sikuwa na haki ya kulisema peke yangu, na mtoto huyu angejua kwamba sina. Nilimwambia tu, "Nimesikia." Zile kabichi mdogo wake akazimaliza.

Nilimpigia Shangazi. Nilijikwaa sana kumweleza. Nilisema mambo ya adabu, mambo ya Babu, mambo ya soda.

"Wifi," alisema mwishowe, "mimi nilikuwa nasubiri wewe useme umechoka. Nikaona si vizuri kukuomba watoto wakati umefiwa."

"Na mimi nilikuwa nasubiri wewe uje uwachukue. Nikaona si vizuri kuwashika watoto wa watu."

"Kwa hiyo unawataka?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilisema, "Nawataka." Sauti yangu ilitoka kubwa, kama ninagombana naye.

Akasema alikuwa ameshawatayarishia chumba. Alilisema bila hasira, lakini alilisema. Kisha akasema atakuja Jumapili.

Alikuja na kreti ya soda. Sasa hatukujua tuanzie wapi. Mimi nilidhani tuanze na dua, yeye alidhani tuanze na soda. Alisema kwao anayesimama ni mwanamume mkubwa wa ukoo, na mwanamume hatukuwa naye. Aliuliza kama kwetu kuna utaratibu, nikamwambia kwetu jambo hili halipo, mimi ndiye ninayeazima la kwao. Tulikuwa wanawake wawili katikati ya sebule, mmoja ameshika chupa, mwingine kifungulio, na watoto wamekaa kwenye godoro wanatutazama kama wanatazama watu waliopotea njia.

"Simama wewe," alisema Shangazi.

"Wewe ndiye wa upande wa baba."

"Basi tusimame wote, tusichekwe."

Alianza yeye. Alisema kwa niaba ya upande wa baba, kiriyo cha mama wa watoto hawa kinaondolewa leo, na kwamba tumechelewa, watoto watusamehe. Hapo akakwama, akanigusa kiwiko. Nilisema, "Hawa watoto wanakaa hapa." Akaninong'oneza, "Taja mahali." Nikasema, "Gikondo, nyumba hii, na mimi." Nikasema pia kwamba wakienda Kibagabaga wanakwenda kutembea, na huko wakiambiwa wale, wale, maana ni kwa shangazi yao. Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga. Shangazi akapiga makofi peke yake. Mvulana akamfuata, kwa nguvu, bila kujua ni ya nini.

Msichana hakupiga makofi. Aliniangalia, akamwangalia Shangazi, akauliza, "Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

Siku hiyo hatukuweka kidole popote, hakukuwa na muda. Nilikuwa nimebandika wali na maharage, na kwa maneno yale yote niliusahau wali jikoni. Nilipakua hivyo hivyo, nikamwekea Shangazi kwanza kwa kuwa ndiye mgeni, kisha mvulana. Nilipofika kwa msichana sikujua niweke kiasi gani. Alininyang'anya upawa akajipakulia mwenyewe. Alikula akiwa ameinamia sahani, haraka, hakusifu kitu. Alipofika katikati alitoa punje kadhaa nyeusi mdomoni, akaziweka pembeni mwa sahani, akasema wali umeungua.

Ulikuwa umeungua kweli. Akaongeza maharage, akaendelea.